Kabati Jeupe la Tata Séraphin

Odile alimtambua kwa kikohozi. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imemnenepesha mtu yule, imempaka mvi, imempa na kitambi cha kutangulia mlangoni, lakini kile kikohozi cha kujivuna, khe-khe, cha mtu anayetaka wote wanyamaze kabla hajasema neno, kilikuwa kilekile. Alikuwa baba yake mdogo, Tata Séraphin. Nyuma yake wasukumaji wawili walikuwa wakihangaika na mkokoteni, na juu ya mkokoteni, limefungwa kamba kama mwizi aliyekamatwa, lilisimama kabati la marehemu baba yake.

Msasa ukamdondoka Odile mkononi. Akauokota, akainamia kiti alichokuwa akikikwangua, akajifanya haoni.

"Tata Swedi," Séraphin alisema, "banasema uko na mwanamuke moja hapa, njo fundi wa rangi kupita wote wa Kolwezi."

"Ni ule pale," Swedi, mwenye karakana, alijibu. "Mama Peintre, kuya uone kazi."

Odile akaja. Kitambaa kilikuwa kimemfunika pua na mdomo kwa sababu ya vumbi, lakini macho yalikuwa nje, macho ya baba yake Kalumba kabisa, ambayo mtaa mzima wa Kapata ulikuwa ukisema baba amemtemea mtoto wake. Séraphin aliyatazama macho hayo ya ndugu yake wa tumbo moja, akayapita kama mtu anayepita ukuta. Hakumjua! Wala hakujiuliza.

"Nataka nyeupe," Séraphin alimwambia. "Nyeupe ya maziwa. Samedi ya juma ijayo bakwe banakuya juu ya binti yangu Tania. Ni batu bakubwa, siwezi kubaonyesha kabati nyekundu ya bazee."

"Na ndani, tata?" Odile aliuliza.

"Ndani njo zaidi! Tutafungua milango yote mbili mbele yao, tutoe sahani za porcelaine, bakule. Na ndani ya milango kuko madoa-madoa ya zamani. Mi sipendi kuyaona. Uyamalize kabisa."

"Nimesikia, tata," Odile alisema. "Nitafanya vile banafanyaka."

Sasa lazima mjue kabati lile lilikuwa nini, maana kuna watu wanaodhani fanicha ni mbao tu.

Kalumba, baba yake Odile, alikuwa seremala wa Kapata, ile cité ya wafanyakazi wa migodi yenye nyumba zilizopangwa mistari-mistari. Alilitengeneza kabati lile kwa ajili ya mke wake Agnès wakati kifua kilikuwa kimeshaanza kumkaba. Alipiga randa kidogo, akapumzika sana. Kwa nje alilipaka rangi aliyoichemsha mwenyewe kutoka kwa vipande vya mukula, mti mwekundu wa kule kwetu, hadi likang'aa wekundu wa kukufanya usimame. Ndani aliziacha mbao zilivyo, nyeupe. Siku ya mwisho ya kuketi kitandani aliomba kile kibakuli cha rangi iliyobaki na burashi. Agnès akamshika mgongo. Kabati likasogezwa kando ya kitanda, na Kalumba akaandika maneno upande wa ndani wa milango, pole pole, jasho likimtiririka.

"Umeandika nini?" Agnès alimwuliza, maana yeye hakwenda shule hata siku moja.

"Utasomewa," Kalumba alisema. "Siku ingine nitakusomea mwenyewe."

Siku hiyo haikufika. Na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Séraphin alisimama katikati ya kilio, akakohoa, khe-khe, akasema mbele ya avenue nzima, mtaa wote: "Huyu mwanamuke njo alimaliza ndugu yangu. Ni yeye tu alikuwa anamulisha. Hakuacha mutu mwingine hata moja amupe chakula. Jiulizeni juu ya nini."

Juu ya nini? Kwa sababu wengine wote walikuwa wamekimbia! Séraphin mwenyewe alikuwa amekaa miezi minne bila kukanyaga pale, anaogopa kikohozi cha ndugu yake kitamrukia. Ni Agnès aliyeshika kijiko, Agnès aliyefua mashuka, Agnès aliyelala ameketi. Lakini mjane anajitetea kwa nani, siku ya kilio, amenyolewa nywele, amekalishwa chini? Watu wakaanza kumnyooshea vidole. Nyumba ilikuwa ya kampuni, ikarudi kwa kampuni. Vyombo vya kazi, magodoro, hata masufuria, Séraphin alibeba. Kabati alilibeba la kwanza. Agnès akamshika mkono mtoto wake wa miaka tisa, wakapanda treni ya kwenda Mutshatsha, na huko akauza makala, ule mkaa wa kupikia, hadi vidole vikakataa kutakata tena. Miaka mitatu iliyopita mama na binti walirudi Kolwezi, wakapanga chumba karibu na reli. Lakini Kapata, Agnès hakukanyaga. Alisema miguu yake inajua njia, uso wake ndio hauwezi.

Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya mkokoteni.

Odile alianza kukwangua asubuhi iliyofuata. Séraphin alikuwa amepaka vernis, vanishi nzito nyeusi, upande wa ndani wa milango tu, mahali pengine hakuna. Mtu anayepaka mahali pamoja ana jambo lake. Odile akakwangua taratibu, na chini ya vernis akaona alama za kisu, chapu-chapu, za mtu aliyefuta kwa haraka na kwa hasira. Chini ya alama za kisu, mbao nyeupe. Na ndani ya mbao nyeupe, zimezama ambako kisu hakikufika, herufi.

Zilikuwa zimefifia kama chai ya mtu maskini. Akachovya kitambaa katika maji ya moto, akapangusa. Herufi zikaamka. Mlango wa kushoto: AGNÈS ALINILINDA MU BUGONJWA YOTE. Mlango wa kulia: HII KABATI NI YAKE. MUTU ASIGUSE. KALUMBA.

Odile akaketi chini kwenye maranda. Hakulia. Angelia, ingekuwa afadhali. Alichokiona ni kwamba Séraphin alikuwa amesoma. Alisimama pale kwenye kilio akijua kusoma, akiwa ameshasoma, akamtazama mjane asiyejua kusoma, akamwita mwuaji. Kisha akaenda kutafuta kisu.

"Utanilipa," Odile alisema kwa sauti, peke yake. "Wallahi utanilipa," akaongeza, kwa kuwa alikuwa amekaa sana na Swedi.

Na namna ya kulipwa ilikuwa mikononi mwake tayari. Mukula inarudia, kila mpaka rangi wa Katanga anajua. Ukipaka nyeupe juu ya mukula leo, unapendeza. Kesho kutwa unaona uwaridi. Juma likiisha, wekundu umetoka nje unakuchekelea, hata ukipaka mara kumi. Dawa yake ni moja, na Swedi alimfundisha Odile siku ya kwanza kabisa: gomme laque, yale magamba ya manjano yanayoyeyushwa kwenye alcool, ile spiriti. Unapaka mara mbili, unaacha ikauke, inafunga mbao kama kifuniko cha chupa. Baada ya hapo ndipo nyeupe. Swedi alikuwa na majivuno juu ya jambo hilo. Toka afungue karakana, hakuna kabati lililorudi kwake na doa.

Wazo la kwanza la Odile lilikuwa kuacha gomme laque kabisa, kabati zima liote mabaka mbele ya wakwe. Akalikataa. Kabati la mabaka lingemwaibisha Swedi, na Séraphin angesema fundi mbaya, angecheka, mambo yangeisha. Hapana. Odile hakutaka mabaka. Alitaka baba yake aseme.

Akapaka gomme laque nje, mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayemvisha bibi arusi. Akapaka ndani, rafu zote, pembe zote. Alipofika kwenye milango akachukua burashi ndogo kuliko zote, akapita kando-kando ya kila herufi bila kuigusa hata kidogo, akafunga mbao yote na kuacha maneno peke yake wazi. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima, shingo ikakakamaa. Kisha peinture, rangi ya maji, nyeupe, mara mbili. Maneno yakafunikwa. Kabati likasimama jeupe kama maziwa, ungeapa halijawahi kuwa na rangi nyingine.

Swedi alikuja kukagua kabla halijakauka sana. Alipita nje, akaridhika. Akafungua milango, akainama, akautazama mwanga unavyoteleza juu ya rangi. Fundi wa miaka thelathini humdanganyi. Penye gomme laque rangi inalala laini. Pasipo nayo mbao inainywa. Kidole chake kikafuata mstari, kikafika mwisho, kikarudi.

"Odile," aliita. Hakusema Mama Peintre. "Kuko batu chini ya hii rangi?"

Odile akamwambia yote. Swedi akasikiliza, akiwa ameshika ndevu, na Odile alipofika kwenye habari ya kisu, Swedi akaangalia pembeni.

"Mi niko na jina hapa mujini," Swedi alisema mwishowe.

"Najua, tata. Kama unaniambia nifunge, nitafunga sasa hivi."

Swedi akaitazama ile milango mara moja tena. Kisha akafunga milango yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Mi nimekagua inje," alisema. "Inje hakuna kosa. Ndani mi sikuona, macho yangu ni ya muzee." Akaenda kutawadha.

Kabati lilipelekwa Kapata siku ya Jumatano. Odile alilifuata hadi ndani ya salon, sebule ya Séraphin, akampa maelezo Mama Blandine, mke wa nyumba ile. "Mama, vumbi ya magari ya migodi itaharibu sahani. Osha sahani na maji ya moto kesho jeudi, pangeni ndani palepale zingali na majimaji, mufunge na funguo. Musifungue mpaka bakwe bafike. Itabakia safi." Mama Blandine akashukuru sana, kwamba amepata fundi anayefikiria hata vumbi. Mvuke ndani, milango imefungwa, siku mbili. Mukula inapenda hivyo.

Alipokuwa akitoka, bibi arusi, Tania, alimkimbilia na chupa ya soda. Msichana mwenyewe alikuwa mpole, meno ya mbele yameachana kama ya Kalumba. "Yaya, dada yangu, umefanya kazi muzuri sana," alisema. "Kuya samedi, ukule pamoja na siye." Odile akaishika ile soda ikamwia nzito. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, alitaka kurudi ndani aombe funguo. Ndipo Séraphin akapita ukumbini, khe-khe, akasema bila kugeuka: "Ndiyo, akuye. Atasaidia kubeba sahani."

Basi akaja.

Jumamosi saa saba mchana salon ilikuwa imejaa. Upande wa bwana arusi waliketi kwenye makochi, na mbele yao mkubwa wa ukoo wao, Tata Benoît, mzee mwembamba aliyekuwa karani wa reli, miwani imefungwa uzi. Odile alikuwa amevaa kikwembe cha heshima, uso wazi. Hakuna aliyemwangalia, mbeba sahani anaangaliwa na nani? Séraphin alikuwa kwenye siku yake. Alikohoa, akazungumzia ukoo, akazungumzia heshima, akazungumzia jinsi ukoo wao unavyotunza wanawake. Odile alisikia kwa masikio yake mawili: unavyotunza wanawake.

"Na hii kabati munaona," Séraphin alisema, "ni mi nilinunuaka, juu ya mutoto wangu. Siku akienda, inaenda naye." Akatoa funguo mfukoni, akaangalia huku na huku, akamwona mwanamke wa rangi amesimama mlangoni. "Wee Mama Peintre! Fungua milango, bakwe baone kazi yako."

Alimpa funguo yeye mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Odile akaingiza funguo, akazungusha, akafungua milango yote miwili hadi mwisho, hadi ikagusa ukuta. Kisha akasogea pembeni.

Wekundu ulikuwa umetoka vizuri kuliko alivyoota. Herufi zilisimama juu ya ule weupe, nene, na mkono ulikuwa wa Kalumba kabisa, ile A yake yenye mguu mmoja mrefu. Mama Blandine akasema "Yesu" na kuziba mdomo. Tata Benoît akarekebisha miwani, akanyanyuka, akasoma kwa sauti ya karani, kila neno, mpaka jina.

"Agnès ni nani?" aliuliza. "Bibi yako si Blandine?"

"Hii ni bulozi!" Séraphin alipiga kelele. "Hapana, ni huyu mwanamuke! Ni peintre, aliandika na burashi yake!"

Odile akachukua kitambaa cha meza, akakichovya kwenye bakuli la kunawia, akamnyooshea. "Pangusa basi, baba mudogo."

Séraphin akapangusa. Alisugua kwa nguvu zake zote, kitambi kikitikisika, na maji yalivyoingia ndivyo maneno yalivyozidi kukolea. Kitambaa kilitoka cheupe. Tata Benoît akapitisha kidole juu ya jina la Kalumba, akakiangalia kidole, safi. "Inatoka ndani ya mbao," alisema. "Na hapa chini ninaona alama za kisu."

Hapo ndipo neno lile, baba mudogo, lilipomfikia Séraphin. Akageuka. Akayatazama yale macho juu ya uso ulio wazi, na safari hii hakuyapita. "Odile?" alisema, na kikohozi hakikuja.

"Ni mi. Mama yangu alikulindia ndugu yako mu bugonjwa yote. Ulimulipa na nini?"

Tata Benoît aliuliza maswali matatu tu: kama Agnès yu hai, kama ni kweli alifukuzwa na sababu gani ilisemwa, na kama Séraphin anajua kusoma. Kwa swali la tatu Séraphin aliinamisha kichwa. Wazee wa bwana arusi wakasimama, na sahani zikabaki kabatini.

"Tania hana kosa," Tata Benoît alisema. "Mutoto wetu anamupenda, na siye tunamupenda. Lakini hatukule mu sahani zinatoka mu kabati ya mujane. Dimanche kisha misa, utatoa hii kabati inje, mu avenue palepale ulisema ile maneno. Utaleta Agnès. Utamusomea mbele ya batu. Ukimaliza, njo tutaongea mambo ya batoto."

Jumapili ile Kapata haikulala baada ya chakula. Waliokuwepo kwenye kilio, sasa wazee, walileta viti vyao. Waliozaliwa baadaye walisimama nyuma. Kabati lilikuwa limewekwa katikati ya avenue, milango wazi, jua linalipiga. Mama Agnès alikuja akiwa ameshikwa mkono na Odile, miguu inajua njia kama alivyosema. Alikalishwa kwenye kiti mbele ya milango. Aliziangalia zile alama nyekundu kwa muda mrefu, mikono yake yenye weusi wa makala imetulia mapajani.

"Ni yeye," alisema. "Ni mukono yake. Nilimushika mugongo."

Séraphin akasogea. Akasoma haraka-haraka, chini ya pumzi, anaangalia viatu vyake.

"Sisikii," Mama Agnès alisema.

Akasoma kwa sauti. Agnès alinilinda mu bugonjwa yote. Hii kabati ni yake. Mutu asiguse. Kalumba. Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole siku ile, akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Eleza vile ulisema ku kilio," Mama Agnès alisema. "Na useme kama ni kweli."

"Nilisema ulimuua," Séraphin alisema. "Nilisema bongo, haikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kusoma."

Jasho lilimtiririka, akageuka kumtafuta Odile. Odile alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, na mkononi ameshika kopo la gomme laque, burashi juu yake. Séraphin aliliona, na macho yake yakaomba. Alitaka lipakwe pale pale, nyeupe ifuate, yafungwe yale maneno, aende nyumbani. Odile akabonyeza kifuniko cha kopo kwa kiganja hadi kikakaza.

Mama Agnès alikuwa amefumba macho.

"Mi sijui kusoma, Séraphin," alisema. "Rudia."

Akarudia.

"Tena," Mama Agnès alisema.